Mazoea Yana Taabu: Msimamizi wa Hifadhidata Anapojifunza Mfumo wa Pili



Miongoni mwa jamaa zetu waliofika hapa Durban wamo mafundi ambao ufundi wao hauonekani kwa macho. Seremala hujulikana kwa kitanda alichokichonga, na mshoni hujulikana kwa kanzu. Lakini yuko mtu aliyekaa miaka 10 au 15 katika benki ya Dar es Salaam, au katika ofisi ya forodha ya Mombasa, au katika hospitali ya Bukavu, akilinda kumbukumbu za maelfu ya watu ndani ya kompyuta. Kazi yake ilipokwenda vyema hapana aliyemtaja. Ilipoharibika, kila mtu alilitafuta jina lake. Huyo ndiye msimamizi wa hifadhidata, na makala ya mwezi huu ni yake na ya wale wanaokaa naye nyumba moja.

Mtu huyu afikapo hapa hupeleka shahada yake SAQA, mamlaka ya Afrika Kusini inayotathmini vyeti vya nje. Akishapata karatasi yake huanza kusoma matangazo ya kazi, na hapo hukutana na jambo ambalo hakulitazamia. Yeye amelelewa na mfumo wa Oracle. Tangazo lataka mtu wa SQL Server. Au yeye ni wa SQL Server, na tangazo lataka PostgreSQL. Wengine hapo huvunjika moyo, wakaona miaka yao yote imekwenda na maji, wakaenda kulinda magari barabarani. Wengine hujipa moyo kupita kiasi, wakasema, "Ni kitu kilekile, tofauti ni rangi tu," wakaingia kazini na kuharibu.

Sisi tunaona kwamba wote wawili hawajalipima jambo hili sawasawa. Anayeujua vizuri mfumo mmoja haanzi sifuri hata kidogo. Sehemu kubwa ya elimu yake huvuka mpaka pamoja naye. Lakini hatari yake haimo katika mambo ambayo ni mageni kwake, kwa kuwa mgeni hutazamwa kwa makini. Hatari imo katika mambo yanayofanana na yale aliyoyazoea.

DAFTARI NA MLINZI WAKE

Kwa wazee wenzetu ambao kompyuta iliwakuta wameshastaafu, tuseme kwa ufupi. Hifadhidata ni daftari kubwa lililogawanywa katika majedwali. Kila jedwali lina mistari na safu kama rejista ya darasa: mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, na safu moja kwa kila jambo linaloandikwa juu yake. Rejista ya mwalimu huandikwa na mtu mmoja kwa kalamu moja, ilhali hifadhidata ya benki huandikwa na watu elfu kwa wakati mmoja, na senti moja haina ruhusa ya kupotea. Programu inayowapanga watu hao elfu wasigongane ndiyo tunayoiita hapa mfumo. Msimamizi ndiye anayeamua nani aone nini, nakala za akiba zikae wapi, na kumbukumbu zirejeshwe kwa njia gani siku ya msiba.

BABA MMOJA, WATOTO WENGI

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba kumbukumbu zipangwe katika majedwali yanayohusiana, na mtu aulize anachokitaka bila ya kulazimika kujua kimewekwa wapi ndani ya mashine. Mwaka 1974 wafanyakazi wawili wa kampuni hiyohiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuulizia maswali hayo, ambayo leo huitwa SQL. Kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Oracle iliuza mfumo wake wa kwanza mwaka 1979. Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilianza mradi wa POSTGRES mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, na kizazi chake kikaitwa PostgreSQL mwaka 1996. SQL Server ya Microsoft ilitoka mwaka 1989 kwa ushirikiano na kampuni ya Sybase. MySQL ilizaliwa mwaka 1995 mikononi mwa Michael Widenius wa Finland na wenzake. Hilo "My" ni jina la binti yake.

Lugha ya SQL ilisanifiwa Marekani mwaka 1986, na mwaka uliofuata ikasanifiwa kimataifa. Sisi tuliofundisha Kiswahili twalijua jambo la namna hii. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa na kukubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo vitabu vya shule vimeandikwa kwa lugha moja. Lakini mtoto wa Mombasa akirudi nyumbani husema "ndia" na "ndaa" pale mtoto wa Unguja anaposema "njia" na "njaa". Mtu wa Mombasa akisema "ndoo" huenda anakuita uende kwake, na mtu wa Unguja akilisikia neno hilohilo akaenda kuleta chombo cha maji. SQL nayo ni hivyo. Sanifu imo kitabuni, na kila mfumo una lahaja ya kwao.

KWA NINI MFUMO WA PILI?

Watu wengine hudhani kwamba mfumo wa pili ni anasa ya vijana wanaopenda vitu vipya. Sivyo. Mara nyingi kazi yenyewe ndiyo humlazimisha mtu, na mfano mzuri unaunganisha nchi hii na nchi zetu za asili.

Baada ya mwaka 1994, Afrika Kusini ilipokuwa ikiunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa misingi ya rangi, watafiti wa hapa pamoja na wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walijenga programu ya takwimu za afya za wilaya iliyojulikana kwa herufi DHIS. Toleo la awali lilisimama juu ya Microsoft Access. Kila ofisi ilikuwa na faili lake katika kompyuta yake, na takwimu zilinakiliwa na kupelekwa ngazi ya juu. Zanzibar nayo iliitumia programu hiyo. Kisha likajengwa toleo la pili, DHIS2, ambalo hukaa katika seva kuu na kufikiwa kwa mtandao, na ambalo hifadhidata yake hasa ni PostgreSQL. Kenya ililieneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Afrika Kusini zikahamia huko pia. Mtu aliyekuwa bingwa wa Access katika ofisi ya afya alijikuta hana budi kusoma upya, na daftari alilolishika lilikuwa la chanjo za watoto na uzazi wa akina mama.

Hali kama hiyo ilitokea Mosoriot, karibu na Eldoret, ambako kituo cha afya cha vijijini kilianza mwaka 2001 kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika Microsoft Access. Kazi ilipokua kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI, mfumo ule haukutosha tena. Faili la Access halivuki gigabaiti 2, wala halikuundwa kwa watumiaji wengi namna ile. Mwaka 2006 Eldoret ikaanza kutumia OpenMRS, inayokaa juu ya MySQL.

Sababu nyingine ni fedha. Leseni za mifumo mikubwa ya kibiashara ni ghali, na zile za programu huria ni bure. Serikali ya Afrika Kusini ilipitisha sera ya kupendelea programu huria mwaka 2007. Hata hivyo hatusemi kwamba mfumo mmoja ni bora kwa kila kazi. Kampuni ya Uber, ambayo magari yake twayaona hapa mjini kila siku, ilieleza mwaka 2016 kwa nini ilitoka PostgreSQL ikarudi MySQL. Chombo huchaguliwa kwa kazi yake.

MANENO YAFANANAYO

Familia zetu zimeishi na mtihani huu tangu siku ya kwanza zilipokutana na Kizulu. Mara ya kwanza Mswahili hufurahi: "abantu" ni watu, "inyama" ni nyama, "ukulala" ni kulala. Hudhani lugha yote ni yake. Kisha jirani anayeondoka humwambia "sala kahle", naye hufikiri ametajiwa sala, kumbe ameambiwa abaki salama. Husikia "imali" akadhani mtu anazungumzia mali na milki, kumbe anazungumzia fedha tu. Na neno linalotugusa sisi walimu ni "ukufunda": kwetu kufunda ni kumpa mtu mafunzo, na kwa Wazulu ni kujifunza. Mwalimu na mwanafunzi wamebadilishana viti ndani ya neno moja.

Hifadhidata zina maneno ya namna hiyo, na la kwanza ni neno "hifadhidata" lenyewe. Katika MySQL, hifadhidata na skima ni kitu kimoja chenye majina mawili. Katika Oracle, skima ni milki ya mtumiaji fulani, na jina la mtumiaji ndilo jina la skima. Katika PostgreSQL, seva moja hubeba hifadhidata kadhaa, kila moja ina skima zake ndani, na aliyeingia katika moja hawezi kuuliza swali la kawaida katika jirani yake. Mtu wa MySQL akihamia PostgreSQL, akafungua hifadhidata tano kama alivyozoea, kesho yake hushangaa kwamba kuta alizojenga hazina milango.

Jingine ni dogo lakini husumbua. Jina la jedwali likiandikwa bila alama za kunukuu, Oracle huligeuza kuwa herufi kubwa, na PostgreSQL huligeuza kuwa herufi ndogo. Katika MySQL, herufi kubwa na ndogo za jina la jedwali hutofautishwa au zisitofautishwe kutegemea mashine iliyo chini yake. Programu iliyofanya kazi vizuri katika kompyuta ya Windows yaweza kukataa siku inapohamishiwa katika seva ya Linux.

JINA LILILOPOTEA

Sasa tuje kwenye jambo linalowahusu wasomaji wetu moja kwa moja, nalo ni majina yetu. Tuchukue mfano wa Salim Juma Khamis. Salim ni jina lake, Juma ni la babaye, Khamis ni la babuye. Babaye ni Juma Khamis Ali. Karani wa hapa akitafuta jina la ukoo huchukua la mwisho, na mara baba huwa ni wa ukoo wa Ali na mwana wa ukoo wa Khamis, nao wanakula sinia moja. Wako pia waliokuja na jina moja tu katika karatasi zao, na karani akaiacha wazi safu ya jina la ukoo.

Uwazi huo unamaanisha nini? Lugha ya SQL ina alama maalumu ya jambo lisilojulikana, iitwayo NULL. Hiyo si sifuri wala si nafasi nyeupe. Ni kusema "hatujui". Katika Oracle, neno lisilo na herufi hata moja huhesabiwa kuwa NULL: uwazi na kutojua ni kitu kimoja. Katika PostgreSQL, SQL Server na MySQL ni vitu viwili mbalimbali. Bahasha tupu ni bahasha, na bahasha isiyofika ni jambo jingine.

Msimamizi wa Oracle amekaa miaka 12 bila kulifikiria hilo. Akiwa kwao huunganisha jina "Salim" na jina la ukoo lisilojulikana, na Oracle humrudishia "Salim". Akifanya hivyo katika PostgreSQL kwa alama zilezile za kuunganishia, jibu ni NULL. Kitu kinachojulikana kikiunganishwa na kisichojulikana, chote huwa hakijulikani. Salim mzima ametoweka. Barua ya hospitali hutoka haina jina, au orodha ya mishahara ikawa na mstari mweupe. Hakuna kengele iliyolia, kwa maana mfumo haukukosea; umefanya sawasawa na sheria zake. Dawa yake ni rahisi kwa anayejua: yako maneno ya SQL ya kusema "kama hakijulikani, weka kitu hiki mahali pake". Lakini mtu hatafuti dawa ya ugonjwa asioujua.

Ndiyo maana tukasema kwamba mfanano ni hatari kuliko ugeni. Amri ni ileile, herufi ni zilezile, na jibu ni jingine.

KAULI ISIYORUDI

Jambo la pili ni la kufuta. Katika Oracle, mtu anayetumia chombo chake cha kawaida, SQL*Plus, akifuta mistari haijafutika moja kwa moja mpaka aseme COMMIT, yaani athibitishe. Akiona amekosea husema ROLLBACK na yote hurudi. Mazoea hayo huingia mkononi, mtu akawa anafuta kwanza, anatazama, kisha anaamua.

Katika psql, ambacho ni chombo cha kawaida cha PostgreSQL, kila amri hujithibitisha yenyewe mara tu inapokamilika, isipokuwa mtu ametangulia kusema BEGIN. MySQL na SQL Server ni vivyo hivyo. Bingwa wa Oracle akifuta waliolipa badala ya wasiolipa, akasema ROLLBACK kwa utulivu wa miaka yote, huambiwa kwamba hapana muamala wowote wa kutangua. Neno limeshatoka kinywani.

Kinyume chake nacho kipo. Katika Oracle na MySQL, kuunda au kuvunja jedwali lenyewe hujithibitisha papo hapo. Katika PostgreSQL, mtu aliyesema BEGIN aweza kuvunja jedwali zima, akajuta, akasema ROLLBACK, na jedwali likarudi na mistari yake yote. Kila mfumo una utelezi wake na una mwamba wake, na havikai mahali pamoja. Anayehama na ajue utelezi umehamia wapi.

MISTARI YA ZAMANI HUENDA WAPI?

Mtu mmoja akisoma daftari ilhali mwingine anabadilisha, msomaji aone nini? Oracle na PostgreSQL zote humwonyesha hali ya zamani mpaka mabadiliko yathibitishwe, wala msomaji hamngoji mwandishi. SQL Server, kwa mpangilio wake wa asili inaposimikwa ofisini, humfanya msomaji angoje, na hilo peke yake limewatoa jasho wengi waliotoka Oracle.

Lakini hata wale wawili wanaofanana hawafanani. Oracle huweka hali ya zamani katika ghala la pembeni. PostgreSQL huiacha mistari ya zamani ndani ya jedwali lilelile, kama mwalimu anayekata jina kwa mstari mmoja na kuandika jipya chini yake. Kwa hiyo lazima apite mfagiaji, aitwaye VACUUM, ambaye tangu mwaka 2008 hupita mwenyewe bila kuitwa. Mtu wa Oracle humkuta akila nguvu za mashine usiku, na kwa kuwa kwao hakuna kiumbe huyo, humwona msumbufu akamzima. Mwanzoni mambo huwa mepesi. Baada ya miezi majedwali huvimba na maswali huwa mazito. Baya zaidi, miamala ya PostgreSQL huhesabiwa kwa namba zenye mwisho, na bila ya mfagiaji, ikikaribia takriban bilioni 2, mfumo hukataa kupokea maandishi mapya ili kujilinda. Siku hiyo ofisi nzima husimama.

YANAYOVUKA NA MTU

Tumetisha ya kutosha, sasa tutulize. Msimamizi mzoefu huja na mali ambayo kijana aliyemaliza kozi ya wiki sita hana. Anajua kupanga majedwali ili jambo moja lisiandikwe mahali pawili. Anajua faida ya faharasa na gharama yake. Anajua kwamba kila mfumo wa maana huandika kwanza katika shajara kabla ya kugusa jedwali. Umeme ukikatika, kama ulivyokuwa ukikatika kwa mgao hapa kwetu mwaka 2022 na 2023, shajara hiyo ndiyo husomwa upya na kumbukumbu zikarudi zilivyokuwa. Oracle inayo, PostgreSQL inayo, kwa majina tofauti.

Zaidi ya yote, anajua kushuku nakala za akiba. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, mhandisi aliyekuwa akipambana na tatizo usiku alifuta kwa bahati mbaya kumbukumbu za seva kuu ya PostgreSQL, akidhani yuko katika seva nyingine. Walipoziendea njia zao za akiba, waligundua kwamba moja baada ya nyingine haikuwa ikifanya kazi. Mojawapo ilishindwa kwa sababu chombo cha kunakilia kilikuwa cha toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita hivi kabla ya tukio kwa shughuli nyingine, na kilichoandikwa katika saa hizo kilipotea. Kampuni hiyo ilieleza yote hadharani, na sisi twaona ni heshima kwao.

Hapa Durban twakumbuka Julai 2021, wavamizi wa mitandao walipoishambulia Transnet, na kazi za makontena bandarini zikarudi kufanywa kwa karatasi. Twakumbuka pia mafuriko ya Aprili 2022 yaliyoua zaidi ya watu 400 katika KwaZulu-Natal. Nakala ya akiba inayokaa jengo moja na daftari lake itazama pamoja nalo. Elimu hii haina lahaja. Mwenye nayo huingia nayo katika mfumo wowote.

NJIA YA KUJIFUNZA

Tumefundisha miaka mingi, na twajua kwamba mwanafunzi mgumu kuliko wote ni yule anayejua tayari. Kwa hiyo twashauri haya.

Kwanza, anza na kurejesha. PostgreSQL na MySQL hupatikana bure, na Oracle na Microsoft hutoa matoleo ya kujifunzia yasiyo ya malipo. Kompyuta ya mtumba yatosha. Jaza majedwali kidogo, chukua nakala ya akiba, kisha vunja kila kitu kwa makusudi na ukirejeshe. Chomoa waya katikati ya kazi. Usijiite msimamizi wa mfumo ambao hujaurejesha kwa mikono yako.

Pili, weka daftari la karatasi lenye safu mbili: "nilivyozoea" na "hapa ilivyo". Kila linalokushangaza liandike. Na usiandike yale uliyoshindwa tu. Andika hasa yale yaliyokwenda lakini yakaleta jibu usilolitarajia.

Tatu, chukua daftari dogo unalolijua kwa moyo, kama vile orodha ya chama cha kufa na kuzikana, ubadilishe majina ya watu ili usitoe siri zao, kisha uijenge katika mfumo wako wa zamani na katika mfumo mpya. Uliza maswali yaleyale pande zote mbili na ulinganishe majibu mstari kwa mstari. Weka humo mwanachama asiye na jina la ukoo. Weka aliyelipa sifuri na ambaye haijulikani amelipa ngapi. Mahali majibu yanapoachana ndipo penye somo lako.

Nne, soma mwongozo wa mfumo wenyewe kutoka mwanzo, hata sura unazodhani unazijua. Kabla ya kuuliza "ile amri yangu iko wapi?", uliza "mfumo huu unalinda nini, na kwa njia gani?" Mara nyingi utakuta kwamba ulilolidhania kuwa sheria ya hifadhidata zote lilikuwa desturi ya nyumba uliyolelewa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mfumo wa pili: humfundisha mtu mfumo wake wa kwanza.

Tano, katika mahojiano ya kazi sema ukweli. Usijifanye bingwa wa mfumo mpya, wala usijidharau. Mtu akisema, "Nimesimamia Oracle miaka 12, PostgreSQL nimeisoma miezi sita, nimejenga hili, nimevunja hili nikalirejesha, na haya matatu ndiyo yaliyonishangaza," anayemhoji, akiwa anaijua kazi, atajua kwamba yuko mbele ya mtu wa kuaminiwa. Na ukiwekwa chini ya kijana wa umri wa mwanao, mheshimu kwa anachokijua. Atakuheshimu kwa unachokijua wewe.

NENO KWA WALIO NYUMBANI

Mtu anayejifunza upya ukubwani huona haya. Kwao alikuwa akiulizwa yeye; hapa anauliza. Akikaa mbele ya kompyuta mpaka usiku akivunja majedwali na kuyajenga, nyumbani huonekana anacheza, na kodi ya nyumba haijalipwa. Twawaomba wake, waume na wazee walitazame jambo hili kwa uwiano. Kama kuna kazi ya kulinda magari mchana, ifanywe, wala si aibu. Lakini saa mbili za usiku zihifadhiwe, na watoto waambiwe kwamba baba au mama anasoma.

Na wale waliokwisha kuvuka, ambao leo wana kazi katika ofisi za mji huu, twawakumbusha kwamba daftari lao la safu mbili lina thamani kwa mwingine. Mkae na aliyefika mwaka huu. Mumwonyeshe mahali ambapo jina la Salim hupotea, na ambapo kauli hairudi, ili apite hapo kwa saa moja badala ya kupita kwa msiba. Kumbukumbu za watu ni amana, na mwenye kuzishika hana budi kujua kila mlango wa nyumba anayoilinda, hata kama nyumba hiyo yafanana na ile aliyoiacha kwao.